Habari Kabla ya Tofali

Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, katika shule nyingi za msingi za Tanzania, hubandikwa karatasi ya mapato na matumizi. Huonyesha ruzuku iliyoingia, chaki na karatasi za mitihani zilizonunuliwa, fundi aliyelipwa kwa kuziba nyufa za sakafu, na baki iliyopo benki. Mara nyingi imeandikwa kwa kalamu na kugongwa muhuri, na jua huufubaza wino kabla mwezi haujaisha. Karatasi hiyo imepatikana baada ya madai ya miaka mingi, na nisingependa mtu yeyote aibandue. Tatizo ni kwamba inaeleza mambo yaliyokwisha kufanyika. Mzazi anayeisoma hajui watoto wangapi wataandikishwa Januari ijayo, vyumba vingapi vitahitajika kuwapokea, choo kipi kiko karibu kujaa, wala ni nani aliyeamua kwamba fedha zikija zijenge darasa kabla ya choo. Hoja ninayoitetea katika sura hii ni kwamba majengo mengi ya shule zetu hujengwa kwa pupa, mahali pasipofaa au kwa mpangilio usiofaa, kwa sababu wananchi hupata habari wakati uamuzi umeshapita. Wanaambiwa fedha zilivyotumika, na wanaambiwa mchango wanaodaiwa. Habari ya mahitaji, wakati mpango ungali unaweza kubadilika, hawaipati.

Nitazungumzia zaidi kata, kwa kuwa ndiyo ngazi ambayo mtu mmoja anaweza kuijua yote kwa miguu yake. Kata ya kijijini huwa na vijiji vichache, shule za msingi kadhaa na, tangu miaka ya 2000, sekondari yake. Kisheria mpango wa shule unatakiwa kuanzia chini. Kamati ya shule hutaja mahitaji, Halmashauri ya Kijiji huyajadili, Mkutano Mkuu wa Kijiji huyapitisha, Kamati ya Maendeleo ya Kata huyaunganisha na ya vijiji jirani, kisha diwani huyapeleka wilayani. Msingi wa utaratibu huu uko katika sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, zilizorudisha vyombo vilivyokuwa vimefutwa muongo mmoja kabla yake. Ukifuatilia namba zenyewe, hata hivyo, unaona zinapita njia nyingine. Mwalimu mkuu hujaza fomu za takwimu: idadi ya wanafunzi kwa darasa na jinsi, vyumba, madawati, matundu ya vyoo, nyumba za walimu. Fomu huenda kwa afisa elimu kata, kutoka hapo wilayani, kutoka wilayani TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na mwisho huonekana katika vitabu vya takwimu vya taifa. Namba za shule ya kijiji zinajulikana Dodoma kabla hazijasomwa hata mara moja mbele ya wanakijiji ambao watoto wao ndio waliohesabiwa.

Historia ya ujenzi wa shule nchini inaonyesha madhara ya kupanga kwa njia hiyo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, miaka mingi kabla ya lengo lililokuwapo. Vijiji viliitikia kwa nguvu ambayo mpaka leo inastahili heshima, watu wakabeba mawe, wakafyatua matofali, na watoto wakaingia darasani kwa mamilioni. Mwaka 2002 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, baada ya ada kufutwa, na madarasa yakajengwa tena kwa wimbi kubwa. Kisha zikaja sekondari za kata: mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari 1,291, mwaka 2009 zikawa 4,102. Ongezeko hilo la miaka mitano liliwafungulia mlango watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuota kidato cha kwanza. Lakini katika mawimbi yote hayo habari iliyofika kijijini ilikuwa ya aina moja, yaani jengo gani linatakiwa na tarehe ya mwisho ni lini. Swali la walimu wangapi watakuja, maji yatatoka wapi, watoto wa kitongoji cha mbali watatembea kilomita ngapi, liliulizwa baada ya bati kuezekwa. Matokeo ya awali ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, yalikuwa na sababu nyingi, na sitayatwisha majengo peke yake mzigo huo. Hata hivyo yalionyesha wazi kwamba shule inaweza kuwa na kuta, paa na jina, na bado ikakosa karibu kila kitu kinachoifanya kuwa shule.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa maabara. Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia; tarehe ya mwisho ikawekwa Novemba 2014, kisha ikasogezwa hadi Juni 2015. Lengo lilikuwa jema, kwani mtoto hawezi kujifunza kemia kwa kuchorewa chupa ubaoni. Agizo lilikuwa moja kwa nchi nzima, kwa sekondari yenye vyumba vya kutosha na kwa ile ambayo wanafunzi wake walisoma kwa zamu, kwa yenye mwalimu wa fizikia na kwa isiyokuwa naye. Watendaji wa vijiji na kata walipita nyumba kwa nyumba kudai michango, na mahali pengine waliokosa walichukuliwa kuku au baiskeli. Miaka iliyofuata, maboma ya maabara yaliyofika usawa wa renta yakabaki yanapigwa na mvua. Laiti kijiji kingekuwa na orodha yake ya mahitaji, iliyopitishwa hadharani na yenye namba, diwani angekuwa na kitu cha kushika mkononi aliposimama kwenye baraza kusema kwamba kwao maabara ni ya tatu katika foleni, nyuma ya vyoo vya wasichana na madarasa mawili. Huenda asingesikilizwa. Lakini alisimama mikono mitupu, na mtu asiye na namba hana cha kujibu pale namba inaposhuka kutoka juu.

Sasa kuna ushahidi kwamba habari iliyotangazwa hubadilisha mambo katika shule? Mfano unaotajwa zaidi duniani uko jirani, Uganda. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walikagua shule za msingi 250 na kugundua kwamba kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi ilifika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata senti. Fedha zilitoka hazina zikiwa kamili, zikaishia kwenye ofisi za wilaya, ambako zilitumika kwa siasa na kwa mambo mengine yasiyohusu watoto. Serikali ikaanza kutangaza katika magazeti, pamoja na yale ya lugha za nyumbani, kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Watafiti walionyesha pia kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali pa kuuzia magazeti zilipata nafuu zaidi kuliko zilizokuwa mbali.

Mfano huu umetumiwa sana, na kwa haki umehojiwa. Paul Hubbard, mwaka 2007, aliandika kwamba magazeti hayakufanya kazi peke yake: katika miaka ileile Uganda ilifuta ada za shule za msingi, ikaongeza ruzuku yenyewe, ikabadilisha namna hazina inavyopeleka na kufuatilia fedha, na wafadhili wakaweka jicho. Nakubaliana naye. Kwa hoja yangu kilicho muhimu zaidi ni aina ya habari iliyotangazwa. Gazeti halikuandika kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, wala kwamba serikali imedhamiria. Liliandika wilaya, mwezi na kiasi. Mwalimu mkuu aliyesoma alijua siku hiyohiyo ofisi ipi aende na deni gani akaulize. Habari yenye mahali, tarehe, namba na mlango wa kubisha ni chombo cha kazi, na nyingine zote, hata zikiwa za kweli, huishia kusikilizwa tu.

Tanzania ilipata mfano wake mwaka 2021. Kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, wa shilingi trilioni 1.3, serikali ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yale madarasa yanayoanzishwa kwenye vitongoji vya mbali ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu hadi shule mama. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na kiasi hicho kilitangazwa nchi nzima. Kila mtu alikijua, kuanzia muuza duka la vifaa vya ujenzi hadi mama lishe anayewapikia mafundi. Kazi ilifanywa kwa utaratibu ambao watumishi wa halmashauri huuita fosi akaunti, yaani shule kununua vifaa na kuajiri mafundi wa hapohapo badala ya mkandarasi, na kamati za wananchi zilishika daftari la mapokezi ya saruji, nondo na mabati. Madarasa yalikamilika kwa miezi michache. Kujulikana kwa bei kuliwapa watu uwezo wa kuuliza, na nadhani hilo ni jambo ambalo halijasifiwa inavyostahili. Lakini maswali yaliyojibika ni ya bei tu. Kwa nini darasa limewekwa hapa na si kijiji cha pili, kwa nini chumba na si choo au nyumba ya mwalimu, ni mambo yaliyokuwa yameshaamuliwa fedha zilipotangazwa.

Ndiyo maana naona karatasi ya pili inahitajika kando ya ile ya mapato na matumizi, na ili isionekane kuwa jambo la wataalamu, tuifanye hesabu yake hapa. Tuchukue shule ya kubuni yenye wanafunzi 720, nusu wasichana na nusu wavulana, vyumba 9 na matundu ya vyoo 12. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba, wasichana 20 kwa tundu moja na wavulana 25 kwa tundu moja. Wanafunzi 720 wanahitaji vyumba 16, kwa hiyo vinapungua 7, na kwa sasa kila chumba kina watoto 80. Wasichana 360 wanahitaji matundu 18, wavulana 360 wanahitaji 15, jumla 33, kwa hiyo yanapungua 21. Ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazotumwa shuleni na zilizobaki ni za vitabu. Shule yetu basi hupata shilingi 4,320,000 kwa mwaka, yaani 360,000 kwa mwezi. Vyumba 7, kwa bei ile ya milioni 20, ni milioni 140. Hata shule isiponunua chaki moja, ruzuku hiyo ingehitaji zaidi ya miaka thelathini kujenga vyumba vinavyopungua leo. Hesabu hii haizidi darasa la sita, na mzazi akishaiona haiwezekani tena kumwambia kwamba mwalimu mkuu angejenga kama angebana matumizi. Inamlinda mwalimu kama inavyomlinda mzazi.

Lakini upungufu wa leo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ya watoto wanaokuja, na hapa ndipo tunapopoteza maarifa ambayo tayari tunayo. Kila mtoto anayepelekwa zahanati kwa chanjo ya surua akiwa na miezi tisa huandikwa kwenye rejista, pamoja na kijiji anachotoka. Mtoto huyo ataingia darasa la awali baada ya miaka minne hivi, na la kwanza mwaka unaofuata. Muuguzi wa zahanati, bila kujua, ana mezani kwake makisio ya uandikishaji ambayo afisa mipango wa wilaya angeyalipia. Tuseme rejista ya zahanati inaonyesha watoto 130 kwa mwaka kutoka vijiji vinavyohudumiwa na shule ile, na wanaohitimu darasa la saba ni 70. Ongezeko ni watoto 60 kila mwaka, sawa na chumba kimoja na theluthi. Kijiji kinachojipongeza kwa kujenga darasa moja kila mwaka, jambo ambalo ni vijiji vichache vinavyoliweza, kinazidi kurudi nyuma. Namba ya zahanati haitakuwa sahihi kabisa. Wapo watakaohama, wapo ambao hawakufikishwa kliniki. Hata hivyo ni bora mara nyingi kuliko mtindo wa sasa, ambapo shule hushangazwa na watoto wake wenyewe kila Januari. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, mwendo unaozidisha idadi mara mbili kwa takribani miaka 22. Nchi yenye kasi hiyo haiwezi kupanga shule kwa kutazama madawati yaliyopo.

Tulishaonywa mwaka 2016. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango katika elimumsingi, na Januari iliyofuata watoto walimiminika darasa la kwanza hata kukawa na shule ambazo chumba kimoja kiliingiza zaidi ya 100. Watoto hao hawakuzaliwa Desemba. Walikuwapo vitongojini kwa miaka sita na zaidi, wakijulikana kwa majina na mabalozi wa nyumba kumi, wenyeviti wa vitongoji na wauguzi. Kilichokosekana ni mahali ambapo majina hayo yangekutana na idadi ya vyumba. Na jaribio jingine liko mbele. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita. Walioingia darasa la tatu Januari 2024 kwa mtaala mpya wanatarajiwa kumaliza la sita mwishoni mwa 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Makundi mawili yatapiga hodi kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka 2028. Serikali inalijua hilo. Kata inayojua namba zake yenyewe, kwamba sekondari yetu hupokea watoto kadhaa na mwaka ule watakuja takribani mara mbili, ina cha kupanga. Ile itakayosikia Novemba 2027 itakusanya watu kuchimba msingi usiku.

Pingamizi zito kabisa dhidi ya hoja hii halitoki kwa viongozi wanaopenda usiri. Linatoka kwa watafiti. Huko Kenya, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walichunguza kama wazazi waliopewa matokeo ya watoto wao katika majaribio ya kusoma na kuhesabu ya mpango wa Uwezo wangechukua hatua zaidi shuleni au kwa viongozi. Katika ripoti yao ya 2014 hawakuona tofauti ya maana. Huko Indonesia, Benjamin Olken alifuatilia barabara za vijiji zaidi ya 600 na kukuta kwamba kuwaalika wananchi wengi zaidi kwenye mikutano ya kuwajibishana kulipunguza kidogo sana upotevu wa fedha, wakati uhakika wa kukaguliwa na wakaguzi wa serikali uliupunguza kwa asilimia 8 za fedha za mradi. Mtu anaweza kusema kwa haki kwamba ubao wa matangazo haumtishi mwizi, na mkutano wa kijiji haujengi choo.

Nayapokea matokeo hayo, na naona yananisaidia kusema kwa usahihi zaidi ninachotaka. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe wa darasa la tatu hawezi kusoma hadithi ya darasa la pili amepewa uchungu bila njia. Hakuna kikao kinachongoja uamuzi wake, na hajui kama mwenye kosa ni mwalimu, mtaala, njaa au yeye mwenyewe. Mahitaji ya majengo ni kitu cha namna nyingine. Yanahesabika, yana bei sokoni, na yana kikao maalumu kinachoyaamua kwa tarehe inayojulikana. Kuhusu Indonesia, hakuna anayependekeza kijiji kichukue nafasi ya mkaguzi. Mkaguzi hutazama kama saruji iliyolipiwa ndiyo iliyotumika. Kama darasa lenyewe lilipaswa kujengwa pale, si kazi yake kuuliza, na darasa safi lisilo na senti iliyoibwa linaweza kusimama mita mia mbili kutoka shule yenye vyumba vya kutosha huku kitongoji cha ng'ambo ya mto kikiwa hakina hata kimoja. Upotevu wa aina hiyo hauonekani kwenye risiti yoyote. Wanaouona ni watu wa ng'ambo ya mto.

Wengine husema kwamba kubandika orodha ya mahitaji kutazua ugomvi, kila kitongoji kikivutia upande wake, na kwamba wataalamu wa halmashauri ndio wenye ujuzi wa kuchagua eneo. Ugomvi wa mahali pa kujenga shule upo, na mara nyingine huwa mkali, kwa kuwa shule huleta barabara, maji na thamani ya ardhi. Lakini hautokani na orodha. Hutokea leo hii bila orodha, wakati msingi umeshachimbwa na mawe yameshasombwa, na hapo ndipo huwa ghali, kwani kundi lililoshindwa hugoma kuleta mchanga na boma hukwama. Mhandisi anahitajika ili aseme udongo unabeba au haubebi, kisima kiko umbali gani na choo, paa lielekee wapi. Hana namna ya kujua kwamba Machi na Aprili mto hukata njia na watoto wa upande mmoja hawaji shule wiki tatu. Anayejua hilo ni mama anayewavusha.

Linabaki suala la michango, ambalo linagusa kidonda. Wananchi wanaohofia kwamba kila karatasi ya mahitaji itageuka kuwa hati ya madai wana sababu, baada ya yaliyotokea wakati wa maabara. Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, akarudia kwa ukali Januari 2018, na wazazi wengi walishusha pumzi. Marufuku hiyo ililenga uonevu wa kweli. Hata hivyo nguvu za wananchi hazikuisha. Vijiji vinaendelea kujitolea mawe, kokoto na siku za kazi, na serikali yenyewe hutegemea wananchi wainue boma ili yenyewe ipaue. Ninavyoona, karatasi ya mahitaji ndiyo kinga bora dhidi ya kulazimishana, mradi ionyeshe kila kitu kwa pamoja: darasa hili litagharimu kiasi gani, serikali imeahidi kipi na kwa barua ipi, kilichokwisha kuchangwa ni nini, na kinachobaki. Mchango unaodaiwa bila karatasi ya namna hiyo, mwananchi ana haki ya kuukataa. Na pale fedha zinaposhuka na masharti yake, kama ambavyo zimekuwa zikishuka katika miradi mingi ya madarasa, foleni iliyobandikwa huonyesha wazi kilichorukwa. Kama vyoo vilikuwa vya kwanza na limekuja darasa, darasa lipokelewe kwa furaha, na vyoo vibaki pale juu ya orodha, kwa maandishi, hadi diwani aeleze amevifuatilia wapi.

Utekelezaji wake hauhitaji mradi mpya wala mfadhili. Katiba, katika ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupata habari, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Namba za vyumba na vyoo hazina siri ya dola. Mwalimu mkuu anazo, kwa kuwa alishazijaza kwenye fomu. Nakala ya ukurasa mmoja ikibaki kijijini kazi ya kwanza imekwisha. Namba za watoto wanaokuja ziko zahanati, na anachotakiwa mtendaji wa kijiji ni kuziomba zikiwa jumla, bila majina ya watoto. Kwa wasiosoma, mwenyekiti azisome mkutanoni kwa sauti, na msikitini na kanisani zitajwe kama yanavyotajwa matangazo mengine. Kinachohitaji uangalifu ni majira. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, na halmashauri huandaa bajeti yake miezi mingi kabla, kazi kubwa ikifanyika kuelekea mwisho wa mwaka na mwanzoni mwa ule unaofuata. Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa ukutane kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo upo mmoja unaoangukia karibu na Septemba, kabla milango ya bajeti haijafungwa. Karatasi ya mahitaji ibandikwe Agosti, ikae ukutani wiki kadhaa watu waibishie dukani na kisimani, warekebishe namba zilizokosewa, kisha mkutano wa Septemba uipange foleni na muhtasari wake uende kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ukiwa na sahihi. Agosti inayofuata ibandikwe nyingine kando ya ile ya zamani, na mstari wa kwanza wa karatasi mpya ueleze kipi katika zile namba za mwaka jana kimejengwa, na kipi bado.